Hina, Kanta na Amana ya Nywele Zetu

Idi inapokaribia, au harusi inapotangazwa, nyumba nyingi za Waislamu wa Mwanza hunukia hina. Kuanzia Kirumba na Mirongo hadi Igoma na Buhongwa, na ng'ambo ya maji katika Sengerema na Nansio, akina mama huketi na binti zao wakizichambua nywele, na wazee wetu huelekea msikitini wakiwa na ndevu zilizokolea wekundu. Ni desturi njema, na ina asili katika dini yetu. Hata hivyo, katika bakuli lile lile la hina siku hizi huingia kitu kingine, nacho ndicho kilichotusukuma kuandika makala haya.

Kitu hicho ni kanta, yaani ile rangi nyeusi ya unga au ya maji inayouzwa katika vichupa na pakiti ndogo ndogo kwenye maduka ya vipodozi na meza za kando ya barabara. Wengine huiita piko. Wengine huiita hina nyeusi. Jina hili la mwisho ndilo lenye hatari zaidi, kwa sababu humfanya mnunuzi aamini kwamba ananunua jani lile lile alilolijua bibi yake, ilhali sivyo.

Nywele katika mafundisho ya dini

Tuanze na msingi. Abu Hurayra (R.A.) amesimulia kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwaelekeza wenye nywele wazikirimu, na hadithi hiyo imo katika Sunan ya Abu Dawud. Kuzikirimu ni kuziosha, kuzitia mafuta na kuzichana. Wako wanaodhani kwamba mwanamke anayejisitiri kwa hijabu hana haja ya kuzishughulikia nywele zake, kwa kuwa hakuna azionaye. Fikra hiyo si sahihi. Hijabu huzisitiri nywele mbele ya asiye maharimu. Haiziondolei haki yake ya kutunzwa.

Ama kuhusu rangi, siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria, aliletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) mzee Abu Quhafa, baba mzazi wa Abubakar (R.A.), kichwa na ndevu zake zikiwa nyeupe pe. Mtume akaagiza weupe ule ubadilishwe, na akaagiza rangi nyeusi iepukwe. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim. Katika hadithi nyingine, iliyosimuliwa na Abu Dharr (R.A.), Mtume alivitaja vitu viwili kuwa ndivyo bora kwa kubadilishia mvi: hina na katam. Katam ni mmea unaotoa rangi nyeusi inayoelekea wekundu, na ukichanganywa na hina hutoa rangi ya kahawia iliyokoza.

Wanazuoni wametofautiana katika hukumu ya kupaka rangi nyeusi tupu. Imam Nawawi, katika madhehebu ya Shafii yenye wafuasi wengi hapa Afrika Mashariki, aliona kwamba kauli sahihi ni uharamu. Wengine wakasema ni karaha tu. Abu Yusuf, mwanafunzi mashuhuri wa Imam Abu Hanifa, aliiruhusu. Kila msomaji na amuulize sheikh wake anayemwamini. Lakini lipo jambo ambalo wanazuoni hawakutofautiana nalo: haifai mtu kujidhuru, wala kumdhuru mwenzake. Katika rangi nyeusi za leo, jambo hilo la dhara ndilo tunalotaka familia zilitazame kabla ya jingine lolote.

Tofauti ya hina na kanta

Hina ni unga wa majani ya mhina, kichaka kinachostawi katika nchi zenye joto na ukavu, tangu Afrika Kaskazini na Arabuni hadi Bara Hindi. Sehemu kubwa ya hina inayouzwa duniani hutoka India, hasa katika jimbo la Rajasthan. Ndani ya jani hilo mna rangi iitwayo lawsoni, ambayo hushikamana na protini ya unywele na ya ngozi. Rangi yake ni ya aina moja tu: ya machungwa, inayokolea kidogo kidogo mpaka ikawa nyekundu ya kahawia. Hakuna mhina unaotoa rangi nyeusi. Tungependa sentensi hii ikaririwe katika kila nyumba, kwa sababu mwenye kuijua hatadanganyika kwa urahisi.

Kanta nyeusi ni jambo jingine kabisa. Rangi nyingi za namna hiyo hutegemea kemikali iitwayo parafenileni-diamini, ambayo katika vifungashio huandikwa kwa herufi tatu, PPD. Kemikali hii hutengenezwa viwandani. Ikichanganywa na dawa ya kuifungua rangi, chembe zake ndogo huingia ndani ya unywele, huungana, na kugeuka kuwa rangi nyeusi isiyotoka kwa maji. Ndiyo maana hupendwa: hufanya kazi kwa muda mfupi, na weusi wake ni wa kukolea.

Nchi nyingi zimeiwekea mipaka. Katika Umoja wa Ulaya, rangi ya nywele inapopakwa kichwani haitakiwi kuwa na PPD zaidi ya asilimia 2, na ni marufuku kuipaka moja kwa moja kwenye ngozi. Marekani nako hairuhusiwi kutumika kuchora ngozi. Sasa tulinganishe na bakuli letu. Kanta nyingi za mezani hazina maandishi yanayotaja kilichomo, au maandishi yake yako katika lugha asiyoifahamu muuzaji wala mnunuzi. Mchanganyaji hukadiria kwa jicho, na akiona rangi haikukolea huongeza unga. Kisha ile iliyobaki baada ya kupaka nywele huchukuliwa kuchorea maua mikononi na miguuni mwa bibi harusi na wasichana wadogo, kwa kuwa hukauka haraka kuliko hina.

Madhara yanayojulikana

Madhara ya kwanza ni ya ngozi. Baada ya saa chache, au baada ya siku kadhaa, mahali palipopakwa huanza kuwasha, huvimba, na wakati mwingine hutoka malengelenge yanayofuata mchoro wenyewe wa ua lililochorwa. Malengelenge yakipona, alama huweza kubaki kwa miezi, na mara nyingine huwa kovu la kudumu. Zikipakwa nywele, uvimbe huanzia kwenye paji la uso, masikio na kope, hata macho yakashindwa kufunguka.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mwili ukishaikataa PPD mara moja, huikataa maisha yote. Msichana aliyechorwa piko akiwa na miaka 8 na akaungua, anaweza kuja kupaka rangi ya nywele akiwa na miaka 40 na akavimba uso mzima. Tena kukataa huko huenea kwa vitu vya jamaa ya kemikali hiyo, vikiwamo baadhi ya rangi za nguo na baadhi ya dawa za ganzi. Furaha ya usiku mmoja wa harusi huweza kumwachia mtoto mzio wa umri wake wote.

Madhara makubwa zaidi hutokea pale kemikali hii inapoingia ndani ya mwili kwa wingi. Nchini Sudan, ambako PPD huchanganywa na hina ili kuiharakisha na kuifanya nyeusi, madaktari wa Khartoum wameandika tangu miaka ya 1980 kuhusu wagonjwa waliovimba uso na shingo hata njia ya hewa ikaziba, kisha misuli ikaharibika na figo zikashindwa kufanya kazi. Nchini Morocco yametokea hayo hayo. Huko wanawake walizoea rangi ya jadi iitwayo takaout, iliyotokana na mti. Mti ulipokuwa adimu, masokoni jina lile lile likabandikwa kwenye PPD. Jina likabaki la bibi, kilichomo kikawa sumu. Mfano huo wa Morocco unatuhusu moja kwa moja sisi tunaonunua kitu kiitwacho hina nyeusi.

Kwa hiyo kanta isiwekwe mahali anapofikia mtoto, na wala isihifadhiwe katika chupa ya soda au kopo la chakula. Mtu akivimba uso au ulimi, akipumua kwa shida, au mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi baada ya kupaka au kumeza rangi hiyo, hilo si jambo la kusubiri asubuhi. Aoshwe kwa maji mengi na apelekwe hospitali mara moja, pamoja na pakiti au kichupa chenyewe, ili daktari ajue anachotibu. Wenzetu wa visiwani wakumbuke kwamba vivuko haviendi kila saa. Anayechelewa kuondoka nyumbani huenda akachelewa kabisa.

Watoto wachanga na hina halisi

Hina safi nayo ina mahali ambapo haifai. Katika maeneo yenye malaria, likiwamo hili letu la ziwa, wako watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD. Mtoto wa namna hiyo akipakwa hina, rangi yake hupenya katika ngozi laini na huweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Mtoto huwa manjano, hulegea, na huishiwa damu. Madaktari wameyaona haya kwa watoto wachanga katika nchi za Kiislamu zenye desturi ya kuwapaka hina. Kwa kuwa upungufu huo hautambuliki kwa macho, njia ya salama ni kutowapaka hina watoto wachanga kabisa, hata siku ya akika. Upendo kwa mtoto una njia nyingi nyingine za kuonekana.

Namna ya kupaka hina nyumbani

Kwanza ni kuitambua. Hina halisi ni unga wa kijani kibichi au kijani cha kahawia, nao hunukia majani makavu. Unga mweusi, au wenye harufu kali ya dawa au ya mafuta ya taa, usiununue. Muuzaji akikuahidi kwamba itakolea nyeusi kwa nusu saa, amekwisha kukuambia mwenyewe kwamba si hina.

Pili ni kuijaribu. Koroga kidogo, paka nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, osha, kisha ngoja saa 48. Pakiwasha au pakivimba, usiendelee. Jaribio hili ni la lazima zaidi kwa wale wanaoamua kutumia rangi za dukani. Wao wasome maandishi ya kifungashio mpaka mwisho, wafuate kipimo na muda ulioandikwa, na wasithubutu kuipaka kwenye nyusi, kope, ndevu wala mikono iwapo maandishi hayaruhusu. Mtu aliyewahi kuungua kwa piko asizitumie kabisa.

Tatu ni kuikoroga. Gramu 100 za unga hutosha nywele fupi; nywele ndefu na nene huhitaji gramu 200 hadi 300. Tumia bakuli la plastiki, la udongo au la kioo. Tia maji ya uvuguvugu na maji ya ndimu kidogo, ukoroge mpaka iwe nzito kama uji wa lishe. Ifunike na uiache saa 6 hadi 8 ili rangi ifunguke. Ukitia tone kiganjani na likaacha alama ya machungwa, iko tayari. Usitie petroli, mafuta ya taa wala kemikali yoyote kwa nia ya kuikoleza.

Nne ni kuipaka. Nywele zioshwe kabla, zisiwe na mafuta. Zigawe mafungu, vaa glavu, anza kisogoni ukija mbele, kisha funika kwa mfuko safi wa plastiki na kitambaa. Baada ya saa 2 hadi 4 osha kwa maji mengi mpaka yatoke safi. Mara ya kwanza mvi zitaonekana za machungwa makali; usihuzunike, kwani rangi hukolea kwa siku 2 au 3 zinazofuata. Nywele nyeusi hazitabadilika sana, ila zitang'aa wekundu juani, kwa sababu hina haiwezi kung'arisha unywele mweusi. Anayependa kahawia iliyokoza anaweza, baada ya kuosha hina, kupaka unga wa majani ya mnili uliokorogwa kwa maji matupu dakika 15 hadi 20 kabla ya kupakwa.

Upangaji wa muda nao ni sehemu ya ibada. Hina ikiwa bado imeganda kichwani huzuia maji, hivyo aliye na janaba aiondoe yote kabla ya kuoga. Ikishaoshwa, kinachobaki ni rangi tu, haizuii maji, na wala haibatilishi udhu. Wengi huona wepesi kuipaka baada ya swala ya Isha na kuiosha kabla ya kulala. Mjane aliye katika eda hujizuia nayo, kama anavyojizuia na mapambo mengine.

Maji ya ziwa na kichwa chako

Sisi wa ukanda huu tumeneemeshwa maji baridi yasiyo na chumvi, nayo ni mazuri kwa nywele. Lakini kuinama ufukweni na kuosha hina ndani ya ziwa ni kosa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kichocho, kinachoenea katika kingo na visiwa vya Ziwa Victoria. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya katika ngozi ya mtu aliyegusana na maji, hata kama hakuyanywa. Mwoshaji wa nywele husimama majini kwa muda mrefu, tena mara nyingi mchana, saa ambazo vijidudu hivyo ni vingi. Chota maji kwa uangalifu, kisha yachemshe uyapoze, au yaache katika pipa safi lililofunikwa kwa siku 2 nzima kabla ya kuyatumia. Ya pili ni kwamba rangi za kemikali zinazotiririkia ziwani huingia katika maji tunayoyanywa na tunamovua sato na dagaa.

Matunzo ya kila wiki

Baada ya rangi, nywele huhitaji mafuta. Hina huweza kuzikausha, hasa nywele zetu za asili zilizojikunja. Mafuta ya nazi, ya ufuta au ya nyonyo yapakwe kidogo wakati nywele zina unyevu, si zikiwa zimekauka. Chana ukianzia nchani, ukipanda kuelekea shinani, kwa chanuo lenye meno mapana. Dawa ya kunyoosha nywele na rangi ya kemikali visipakwe siku moja. Ziachane kwa wiki 2 au zaidi.

Usivae ushungi juu ya nywele mbichi, kwani joto na unyevu hukuza mba na harufu. Ndani ya mtandio vaa kitambaa laini kisichokwaruza. Misuko ya kubana sana huzing'oa nywele za pembeni mwa paji, na mizizi ikifa hazirudi. Mtoto anayelia anaposukwa anasema kweli. Mwanamke asiogope kusuka kwa sababu ya josho la janaba. Ummu Salama (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya misuko yake, akamjibu kwamba si lazima aifumue, inatosha kujimiminia maji kichwani mara tatu. Na mtoto mwenye mapunye asipakwe hina wala kanta kwa kudhani ni tiba. Ugonjwa huo huhitaji dawa ya kumeza kutoka kwa mganga wa hospitali.

Wajibu wa muuzaji na wa msusi

Tunamalizia kwa wale wanaopata riziki yao katika biashara hii, na wengi wao ni dada zetu. Anayeuza kanta kwa jina la hina anamuuzia mwenzake kitu kisichokuwa kile alichokitaja, nayo dini yetu imekemea udanganyifu sokoni. Msusi anayejua kwamba rangi iliyomo bakulini si ya ngozi, kisha akamchorea bibi harusi, ameitumia vibaya amana ya mtu aliyemwamini. Mteja akitaka maua meusi kwa haraka, jibu la haki ni kumweleza. Huenda ukakosa mteja mmoja leo, lakini hutakuwa sababu ya kovu la mtu.

Kwa upande wa sheria, tangu mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Mwananchi aliyedhurika na bidhaa isiyo na maandishi, au aliyeikuta ikiuzwa, ana haki ya kulipeleka jambo hilo huko. Kunyamaza hakumsaidii mtu ila yule atakayeinunua kesho akadhurika naye.

Akina baba nanyi hamko nje ya maneno haya. Wako wanaume wanaopaka kanta kwenye ndevu kila wiki mbili kwa kuficha mvi, ngozi ya kidevu ikichubuka, ilhali mvi kwa Muislamu si aibu. Mwenye kutaka kuzibadilisha, hina ipo, na ndiyo aliyoielekeza Mtume wetu (S.A.W.).

Basi Idi hii, kabla bakuli halijakorogwa, mama mwenye nyumba na aushike unga mkononi, aunuse, aulizie ulikotoka. Usiponukia jani, urudishwe dukani. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuitunza miili aliyotukabidhi, na azilinde familia zetu na kila lenye dhara. Amin.